Sare ya Isevya

Hatukukonyezana, naomba hilo lijulikane.
Hatukupigiana simu usiku, hatukunong'onezana chooni.
Ubao wa Mlekwa ulikuwa wazi kwa wote, chaki nyeupe:
Shija nne, mimi nne,
Nkwabi nne na mechi zake zimekwisha.
Tukitoka sare tunavuka wawili.
Hesabu ya darasa la tatu.

Basi nikaanza, nikampa beki wangu,
beki akampa kipa, kipa akamrudishia beki.
Shija, upande wake wa skrini, hakuja.
Wachezaji wake walisimama mstari wa kati kama wanangoja treni.
Nilipochoka nikautoa nje makusudi,
naye akaanza: beki, kipa, beki.

Kibanda kizima cha gemu kilinyamaza kwanza,
kisha mtu akarusha ganda la karanga kwenye skrini,
kisha wakaanza kutuhesabia pasi kwa sauti,
themanini na tatu, themanini na nne,
na mama Nyamizi wa matobolwa akauliza mlangoni:
"Hao wanacheza au wanapanga vyombo?"

Nkwabi hakusema neno.
Alikaa juu ya kreti ya soda, begi mapajani,
mchonga mizinga kutoka Sikonge,
nta bado imo kwenye kucha.
Ukutani, juu ya kichwa chake, Mlekwa alipaka kwa rangi nyekundu:
ASIYEKUBALI KUSHINDWA SI MSHINDANI.
Hakuna aliyepaka habari za asiyekubali kushindana.

Tulivuka. Nikasema maneno ambayo hukaa tayari kwa kazi hiyo:
sheria ni sheria, akili ni mali,
kocha gani asingefanya hivyo?
Hapa Tabora, nikasema, hata mabehewa hukatwa,
haya Mwanza, haya Kigoma,
na hakuna behewa linalolia.
Nilijipenda nilivyosema.

Fainali, saa mbili usiku, mimi na Shija tena,
katikati yetu dumu la asali, lita ishirini.
Sasa tulicheza. Jamani, tulicheza!
Mbili kwa moja, naongoza, dakika ya themanini na saba,
padi imelowa jasho, kidole gumba kimekufa ganzi,
na luku ikaisha.

Giza.
Feni ilizunguka kidogo kwa mazoea, ikakoma.
Huko stesheni treni ikapiga honi.
"Umeme ukikatika mchezo unaanza upya," Shija alisema, taratibu.
"Kifungu cha saba. Sheria ni sheria."
Sauti ilikuwa yake, maneno yangu kabisa.

Mlekwa akauliza gizani, nani anakumbuka matokeo?
Wale waliotuhesabia pasi themanini na nne
sasa hawakujua kuhesabu.
Kisha, kutoka kwenye kreti:
"Mbili moja, huyu anaongoza. Themanini na saba.
Na kulikuwa na kona ya Shija."
Hakututazama. Ile kona hata Shija alikuwa ameisahau.

Haikusaidia kitu. Kifungu cha saba ni kifungu cha saba.
Mtu alinunua umeme wa elfu mbili, tukaanza upya,
nikafungwa tatu bila jibu,
Shija akaondoka na dumu begani, anainama upande mmoja.

Wananiuliza kama ningerudia.
Ningependa kusema hapana.
Lakini naujua ubao ule, nne, nne, nne,
na nakijua kidole gumba changu.
Kinachonishinda kukihesabu ni ile kona:
mtu tuliyemtoa bila kumgusa,
basi la Sikonge limeshaondoka tangu saa kumi,
na yeye bado amekaa pale anatutunzia mchezo,
kila kitu mahali pake,
kama vile ulikuwa wake.